Barabara ya Jenerali Ogolla sawa, lakini iwe gani?

Kila tarehe 18 Aprili ikikaribia hii stori inarudi, ati Jenerali Francis Ogolla apewe barabara. Mara ya mwisho nimeisikia ndani ya matatu, tumekwama kwa jam, jamaa mmoja wa Alego anaeleza venye angependa kuona hilo jina kwa kibao pale kwao Ng'iya, Siaya. Mama aliyekaa mbele akamjibu bila hata kugeuka, "Kijana wangu, yule mzee alikataa jeneza, wewe unataka kumpa lami?" Matatu nzima ikanyamaza, na mimi hayo maneno hayajanitoka hadi leo.

Kwa wale hawakufuatilia, Ogolla alikuwa rubani wa ndege za kivita kabla awe mkubwa wa majeshi Kenya. Aliingia jeshini 1984, miaka 2 tu baada ya jaribio la mapinduzi la 1 Agosti 1982, wakati Jeshi la Anga lilikuwa limevunjwa na hata jina likachukuliwa, likawa linaitwa '82 Air Force. Hebu fikiria kijana kuenda kuvaa ile sare wakati nchi bado inawaangalia watu wa anga kwa jicho baya. Akapanda cheo pole pole, kamanda wa Jeshi la Anga 2018, naibu mkuu wa majeshi 2021, Mkuu wa Majeshi Aprili 2023, na hakumaliza mwaka. Tarehe 18 Aprili 2024 helikopta aina ya Huey ilianguka Sindar huko Elgeyo Marakwet, muda mfupi tu baada ya kupaa kutoka shule ya Cheptulel upande wa Pokot Magharibi, walikuwa 12 ndani, 10 wakafa. Alikuwa ameenda kuangalia kazi ya kukarabati na kufungua shule zilizofungwa juu ya majangili.

Sasa wanaosema apewe wana hoja, na mimi niko karibu nao. Barabara zetu nyingi zina majina ya wanasiasa, na mwanajeshi anapata nafasi mara chache sana, tena yule hakufa kwa bahati mbaya ya kawaida tu, alikuwa kazini, kwa bonde la Kerio ambalo wakubwa wengi wanaliona kwa taarifa ya saa moja jioni. Mtoto akipita chini ya jina kila siku akienda shule atauliza huyu alikuwa nani, na mtu mzima itabidi amjibu.

Wanaopinga nao msiwapuuze. Kwanza kuna lile la Bomas, pale kura za urais zilijumlishiwa. Baada ya uchaguzi wa 2022 Wafula Chebukati, aliyekuwa mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, kwa hati yake ya kiapo, alimtaja Ogolla kati ya maafisa wa serikali waliomwendea kumshinikiza juu ya matokeo wakati bado hayajatangazwa. Rais Ruto mwenyewe, ambaye matokeo hayo yalimpa ushindi, alikuja kumteua na akasema aliangalia rekodi yake akaona ndiye anafaa zaidi. Kwangu hilo linapunguza uzito, lakini halifuti, na mtu akiuliza kama tumengoja vya kutosha kabla ya kumwandika kwa chuma, hajamtukana marehemu.

Pili, jina la kupachikwa tu halikai. Forest Road imekuwa ya Wangari Maathai tangu 2016 na bado utasikia makanga wakiita Forest Road, na yule mama alistahili zaidi ya hicho kibao. Kule Kileleshwa 2021 kibao cha barabara ya Francis Atwoli, yule kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, kiling'olewa, kikarudishwa, kikachomwa, kwa sababu wenyeji waliamka tu wakakipata pale. Alafu kuna waziri Tom Mboya, aliyeuawa 1969 pale Government Road, yenye leo tunaita Moi Avenue, na mtaa wa jina lake ukawa ule mwingine wa pembeni.

Hapo kwa Mboya ndio mawazo yangu yalibadilika, nikaona jina linafaa kukaa pale mtu alipoanguka. Mimi pia nilikuwa nafikiria Ng'iya, au barabara kubwa Nairobi karibu na kambi ya Jeshi la Anga ya Eastleigh. Lakini Ng'iya ndio wanamjua tayari, kaburi liko pale kijiji cha Mor, walimzika bila jeneza ndani ya siku 3 kama alivyotaka, na ile namna ya kuzikwa ilitikisa Nyanza kuliko kibao chochote kingeweza, maana sisi tunajua matanga ya huko huchukua wiki ngapi na familia hubaki na deni gani. Jina lake linahitajika zaidi kule alikoanguka, ile njia ya kutoka Sigor kuelekea Chesegon mpakani mwa Pokot na Marakwet. Ukiipa jina la mzee wa Pokot, Marakwet watasema tumeporwa, ukigeuza ni hivo hivo. Jina la mtu wa Siaya aliyekufa akitaka watoto wa pande zote warudi darasani halimegi ardhi ya mtu.

Lakini hata huko kuna upande wa pili, na huu ndio unanisumbua kuliko Bomas. Operesheni ya majeshi dhidi ya majangili ilipoanza Februari 2023 kaunti 6 ziliwekewa kafyu, na wako wakaazi ambao walilalamika sana venye ilivyoendeshwa. Mama aliyepoteza mbuzi wake kwa majangili anaweza kuona jenerali kama mkombozi, jirani yake aliyeamriwa atoke nyumbani na wanajeshi akaona kitu tofauti kabisa. Huwezi kuwasomea wote wawili tangazo la gazeti rasmi na uondoke. Pia wale 9 waliokufa naye, mama zao watasoma jina moja tu?

Kwa hivo yangu ni hii. Lami kwanza, daraja kwanza, juu ni matusi kuweka jina la rubani kwa njia ambayo mvua ikinyesha boda boda haipiti na mgonjwa anabebwa mgongoni. Kibao kiwe na majina yote 10, herufi za ukubwa mmoja. Na kabla fundi achimbe shimo la nguzo, machifu wa pande zote mbili waite baraza Chesegon siku ya soko, wazee, akina mama na walimu wa hizo shule waulizwe kwa lugha zao, na wakisema hapana, wasibembelezwe.