Misumari kwenye mwarobaini

Hili linanichoma kila nikipita pale. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, nasi tukatii. Mama yangu mpaka leo anaenda sokoni na kikapu chake cha ukindu. Juzi wamekuja mtaani kwetu watu wa ofisi moja ya umma na bango la kuhimiza tutunze miti. Bango lenyewe la plastiki, tena wamelipigilia kwenye mwarobaini kwa misumari minne ya inchi tatu! Utomvu bado unachuruzika. Mkutano ulipoisha wakapanda magari yao, chupa za maji wakaziacha zimezagaa hadi mtaroni. Mvua ikinyesha, mtaro ukiziba, maji yanaingia kwa nani? Kwetu. Mgambo wanaowakimbiza wauza karanga kwa sababu ya vifuko walikuwepo palepale, na hakuna aliyetozwa faini.