Mume wangu wa ukurasa wa saba

Mjomba hapigi simu. Mjomba hubipu, mimi ndiye nimpigie. Kwa hiyo Jumamosi ile simu ilipoita mara ya tatu, ya nne, ya tano, nikajua ama kuna msiba ama kuna shamba limeuzwa.

"Shikamoo mjomba."

"Saa kumi uwe hapa. Na huyo Ali wako uje naye."

Akakata. Marahaba sikupewa.

Ali wangu? Nikachungulia nje. Nina kisteshenari changu hapa Mtwara mjini, kompyuta moja, printa moja inayokohoa, na mbele ya mlango kuna kijiwe cha bodaboda. Ali ninayemjua ni mmoja, wa pikipiki nyekundu, na uhusiano wetu wote ni elfu moja ya kunirudisha nyumbani jioni. Nikamwambia anaitwa kwa mjomba wangu. Akauliza kama kuna mzigo. Nikamjibu sijui, lakini nahisi mzigo ni sisi.

Ili mnielewe, nirudi nyuma wiki tatu.

Usiku nikishafunga duka huwa naandika hadithi za mashabiki. Unachukua kisa ambacho watu wanakijua, wahusika si wako, halafu unakiendeleza au unakipindua upendavyo. Wenzangu huchukua tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti ya Kiswahili, wakamfufua aliyekufa na kumwozesha aliyeachwa. Mimi nilichukua Kilwa. Ni jirani zetu, na wahusika wake wamekufa zamani mno kunidai.

Kisa chenyewe wengi tumekikuta midomoni mwa wazee. Mgeni wa Kishirazi, Sultani Ali, anafika na nguo, anamkuta mzee wa pale, Mrimba, anakinunua kisiwa kwa nguo hizo. Wapo wanaosema zilikuwa nguo za kukizunguka kisiwa kizima. Wengine wanasema zilitandikwa chini, mzee akatembea juu yake mpaka bara. Zama zile maji yakipwa watu walivuka kwa miguu, basi mzee akajutia biashara yake na kupanga kurudi, lakini wageni wakafanya hila mkondo usikauke tena. Akabaki ng'ambo anakitazama kisiwa chake. Na humo katikati, kama chumvi kwenye mboga, mnatajwa binti yake, aliyeolewa na Ali na kutumwa amshawishi baba ahame. Katika nilivyosikia mimi, hata jina hapewi.

Mara ya kwanza niliandika kwa nafsi ya tatu, ule usimulizi maizi tuliokaririshwa shuleni, wa msimulizi anayejua kila kitu. Binti aliwaza hivi, Ali aliwaza vile, mzee aliwaza, nahodha aliwaza, nadhani kuna mahali hata mbuzi aliwaza. Kurasa arobaini, na hazina wasiwasi hata kidogo, maana kila mtu alichoficha nimeshakuambia. Hadithi za mpelelezi Sherlock Holmes karibu zote husimuliwa na rafiki yake, daktari Watson, na sababu naiona: tungekaa ndani ya kichwa cha Holmes mwenyewe, mwizi tungemjua kabla chai haijapoa.

Nikajaribu nafsi ya pili, ile inayomweka msomaji mwenyewe ndani ya kisa. Mashabiki wengi wanaipenda. "Unaamka alfajiri. Unamwona Ali anashuka jahazini. Moyo wako unaruka." Kijana mmoja aliyekuja kutoa kopi ya cheti akasoma begani kwangu, akasema, "Dada, mimi wa kwangu haujaruka." Nikaifuta.

Rafiki yangu mwalimu wa Kiswahili akaniambia, "Mpe binti mdomo." Yaani nafsi ya kwanza. Nikaona hiyo kazi ya dakika moja. Kiswahili kimeturahisishia, mtu mzima anakaa kwenye silabi: *alikuja*, *nilikuja*. Nikaiamuru kompyuta itafute kila "ali" iweke "nili", nikaenda kuinjika chai.

Niliporudi, Sultani Ali alikuwa ameshakuwa Sultani Nili. Bahari ilikuwa knili mahnili pale. Wazee wnilikubnili mnili ya mgeni, kisha wote wnilisnili. Na ile *aka* sikuwa nimeigusa, kwa hiyo binti yangu "nilifika ufukweni, akakaa juu ya jiwe, akaangua kilio." Nimefika mimi, kalia nani?

Nilizichapa kurasa chache nione kama macho yangu yana kasoro. Hayakuwa na kasoro. Nikazitupia kwenye boksi la karatasi mbovu, nikaanza kurekebisha kwa mkono, neno kwa neno, siku nane.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba silabi ndiyo rahisi. "Alikuwa mzuri kama mwezi mpevu" ni sifa. "Nilikuwa mzuri kama mwezi mpevu" ni majivuno, na msomaji anamchukia binti kabla hajafika aya ya pili. Halafu kuna vile vikao vya usiku, Ali na washauri wake wanapanga hila. Binti hayupo. Nikamficha nyuma ya mlango. Kikao cha pili, nyuma ya mlango. Kufika cha tano mtoto wa mzee mzima amekuwa komeo. Nikavifuta vikao vyote. Asijue. Basi nguo zinapotandikwa, yeye anaona baba yake anaheshimiwa, anapiga vigelegele, anakimbia mbele kuzinyoosha mikunjo ili mzee asijikwae. Nililiandika hilo saa nane za usiku, nikakaa nikitazama feni.

Na hapo nilichepuka kidogo. Masimulizi yanasema mzee aliridhia ndoa. Mimi nikaifanya ya siri. Ushabiki ndio raha yake. Nikachapa ukurasa wa saba kwa majaribio, wino ukafifia upande mmoja, nao nikautupa bokisini.

Sasa, boksi lile lina mwenyewe. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2019, karatasi mbovu zangu zinachukuliwa na mama anayekaanga korosho hapo kona, na mjomba wangu ni mteja wake. Tena ni mtu asiyetupa karatasi yenye maandishi kabla hajaisoma, hata ikiwa ni nusu ya mtihani wa hesabu.

Saa kumi tulikuta kikao kamili barazani. Mjomba kwenye kiti, bibi na mama mkubwa kwenye mkeka, baba mdogo ameegemea nguzo. Ali akavua helmeti, akaona nyuso, akaivaa tena.

Mjomba akatoa karatasi mfukoni, ina mafuta na chembe za chumvi. Juu kabisa jina langu, chini namba saba. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya kutangazia msiba:

"'Baba hajui. Tangu usiku ule mimi ni mke wa Ali. Ali amenituma nimwambie baba ahame, hapa pabaki petu. Nguo ameshaleta. Nami nampenda kiasi kwamba nitasema.'"

Akatua. "Baba yako yuko Newala na mikorosho yake mia mbili. Ahamie wapi?"

"Mjomba, huyo si mimi."

"Imeandikwa mimi."

"Ni mimi wa kwenye karatasi."

Mama mkubwa akageuka. "Kwani mimi ziko ngapi?"

Ali akaapa kwamba hajawahi kuninunulia hata soksi. Hilo halikumsaidia. Baba mdogo akasema, "Unaoa bila nguo, tena unajisifu?"

Nikaiomba ile karatasi, nikaisoma upya nikibadilisha papo hapo. "Baba yake hajui. Tangu usiku ule yeye ni mke wa Ali. Ali amemtuma amwambie baba yake ahame..." Nikaona mabega yanashuka, moja moja. Mama mkubwa akashika shavu. "Masikini! Mtoto wa nani huyo?" Aibu ileile imehamia kwa jirani, na ikishakuwa ya jirani watu wanataka iendelee.

Mjomba peke yake hakuridhika. "Kwa hiyo ukiondoa *ni*, ndoa imevunjika?"

Ikabidi niwasimulie yote, tangu jahazi mpaka mkondo wa maji. Chai ikaletwa. Baba mdogo akasema kisa hiki akisimulie mzee Mrimba, ndiye aliyeporwa. Mama mkubwa akasema mzee asisimulie lolote, aliyeuza kwa nguo atuambie nini. Ali, akiwa ameshakaa na kikombe mkononi, akasema hakuna anayejali upande wa Ali, mtu katoka mbali na mzigo wote ule. Wakaanza kubishana kana kwamba jahazi limetia nanga jana bandarini kwetu.

Bibi hakuwa amesema neno. Akaweka kikombe chini.

"Huyo binti," akauliza, "hana mjomba?"

Kimya. Sisi ni Wamakonde, na kwa wazee wa nyumba ile baba peke yake kuoza binti ni habari ambayo haijakamilika. Katika kurasa zangu arobaini, kwa nafsi zote tatu, mjomba hakuwemo. Mjomba wangu akavua miwani taratibu.

"Ndiyo maana kisiwa kikaenda," akasema. Kisha akanirudishia karatasi yangu. "Kaanze upya. Na anayesimulia ni mjomba."

Tulipotoka giza lilikuwa limeshaingia. Ali akawasha pikipiki, akanigeukia. "Elfu tatu, dada."

"Si elfu moja?"

"Moja ya kuja, moja ya kusubiri, na moja ya kuwa mume."

Nikamlipa mbili. Ile ya tatu tunabishana mpaka leo.