Alichezea wapi huyo?

Kocha mpya akitangazwa, swali la kwanza kijiweni ni hilo. Akiwa hakuchezea pakubwa, basi kwisha habari yake hata kabla hajashuka kwenye ndege. Swali hilo huniudhi, na jibu langu huwa jina moja: George Raynor.

Raynor alizaliwa mwaka 1907 Hoyland, Yorkshire. Alikuwa winga wa kulia wa kawaida tu, akazunguka Sheffield United, Mansfield, Rotherham, Bury na Aldershot. Jezi ya timu ya taifa aliiona kwa wenzake. Vita ilipokuja, jeshi likampeleka Baghdad kufundisha mazoezi ya viungo, na huko akaunda timu ya Wairaki. Stanley Rous, katibu wa chama cha soka cha England, akamsikia. Mwaka 1946 Wasweden walipotafuta kocha, Rous akamtaja yeye.

Miaka miwili tu, Sweden ikabeba dhahabu ya Olimpiki palepale London, Yugoslavia ikilala 3-1. Na walikuwa wachezaji wa ridhaa: Gunnar Nordahl, mshambuliaji wao tishio, kazi yake ilikuwa zimamoto. Waitaliano wakaja na fedha. Nyota watatu wa dhahabu ile, Gren, Nordahl na Liedholm, wote wakaishia klabu ya Milan, na Sweden wakati huo haikumtaka mchezaji wa kulipwa kwenye timu ya taifa. Raynor akaanza upya na vijana wengine. Kombe la Dunia 1950 akawafunga Waitaliano haohao 3-2, akamaliza wa tatu.

Lakini mechi ninayoipenda ni ya Novemba 1953, Budapest. Hungary walikuwa hawajafungwa tangu 1950. Kitendawili chao kilikuwa Hidegkuti: mgongoni ana namba tisa, ya mshambuliaji wa kati, lakini anashuka hadi kiungo, na beki wa kati anabaki hajui amfuate au alinde nyumba. Raynor akampa mtu wa kumganda hukohuko anakoshukia. Sare ya 2-2, ugenini.

Siku kumi baadaye Hungary wakatua Wembley. Harry Johnston, beki wa kati wa England, alibaki njia panda mchana kutwa. Hidegkuti akatupia matatu, mechi ikaisha 6-3. Dawa ilishapatikana, tena mganga wake ni Mwingereza! Mei 1954 wakarudiana Budapest, England wakala saba. Hapo mimi hushindwa kabisa kuwatetea.

Naona tatizo lilikuwa dharau. Kikosi cha England kilikuwa kikichaguliwa na kamati ya mabwana wakubwa. Kocha kwao alikuwa mtu wa kukimbiza watu kuzunguka uwanja. Sasa winga wa Aldershot atawafundisha nini?

Mwaka 1958 Sweden wakawa wenyeji wa Kombe la Dunia, na safari hii wachezaji wa kulipwa waliruhusiwa. Liedholm akarudi akiwa nahodha. Ujerumani Magharibi wakapigwa 3-1 nusu fainali. Fainali dhidi ya Brazil, dakika ya nne, Liedholm akafunga. Kisha wakaamka Vavá na kijana wa miaka 17 aitwaye Pelé, Brazil wakashinda 5-2. Kwa Brazil ile, nani angefanya nini? England walikuwa wameshafungasha mizigo tangu hatua ya makundi.

Ni kweli, si kila alikopita palimwendea vizuri. Juventus na Lazio za Italia hakudumu, na Coventry City walimpa timu mwaka 1956, hata mwaka haukuisha. Hata hivyo, kocha aliyetoka fainali ya Kombe la Dunia alirudi kwao akaangukia Skegness Town, timu ndogo ya mji wa pwani, huku akifanya kazi ya stoo kwenye kambi ya likizo ya Butlin's.

Mwingereza wa pili kufika fainali kama kocha alikuwa Alf Ramsey, 1966. Yeye alishinda, na mwaka 1967 akawa Sir Alf. Mwaka huohuo Raynor alipata kazi Doncaster Rovers, daraja la nne.