Mkanda Wanapewa, Maiki Je?

Mwezi Septemba 2017 bingwa wa WWE, kampuni ya Marekani ya mieleka ya kulipwa, alikuwa Jinder Mahal, jina halisi Yuvraj Singh Dhesi, Mpunjabi mwenye asili ya India, mzaliwa wa Calgary, Canada. Aliyekuwa akiuwania mkanda wake ni Mjapani Shinsuke Nakamura. Jioni moja kwenye SmackDown, kipindi cha WWE cha kila wiki kwenye televisheni, Jinder alisimama katikati ya ulingo, maiki mkononi, picha za uso wa Nakamura zikipita kwenye skrini kubwa, akaanza kumsimanga kwa sura yake na kwa Ujapani wake. Watu waliolipa tiketi ili wamzomee adui na kurudi nyumbani wameridhika, usiku ule walikataa kuufuata mchezo. Wakaanza kuimba kwa pamoja kwamba jamaa amevuka mpaka. Baadaye vyombo vya habari vya Marekani vikaiuliza kampuni maswali, nayo ikalazimika kujieleza.

Ukilitazama tukio lile kwa jicho la takwimu, ni ushindi. Waasia wawili wanagombea mkanda mkubwa kuliko yote katika kampuni kubwa kuliko zote. Ukilisikiliza kwa sikio, ni kichekesho kile kile cha miaka ya themanini, tofauti yake ni kwamba safari hii aliyetumwa kukisema ni Mwasia mwenyewe. Mashabiki wanaobishana kama Waasia "wamefika" huhesabu mikanda. Mimi naona mikanda inatudanganya. Ukitaka kujua nani ni mtu na nani ni pambo, angalia nani anaachiwa aseme, na akisema inakuwaje.

Wanaoitetea mieleka hii wana hoja nzito. Mieleka ya kulipwa ni maigizo, na kila aliyemo ni katuni. Undertaker alikuwa mzika maiti. Kulikuwa na mkusanya kodi anayepigana na tai shingoni, na mzoa taka aliyekuja ulingoni na pipa lake. Anayetafuta utu wa mtu katika ukamilifu wake amebisha hodi nyumba siyo. Na tena, wanasema, huu si ugonjwa wa Wamarekani peke yao.

Hapo wamesema kweli, na mfano mzuri kuliko wote uko Japani kwenyewe. Februari 1954, Wajapani ambao hawakuwa na televisheni majumbani walijazana barabarani mbele ya zile chache zilizowekwa hadharani, wamwangalie mwanamieleka Rikidozan akiwashikisha adabu ndugu wawili, Ben na Mike Sharpe. Nchi ilikuwa imeshindwa vita miaka tisa tu nyuma, na huyu hapa Mjapani anawachapa Wamarekani makofi ya karate hadi wanayumba. Raha iliyoje! Kasoro ndogo ni kwamba ndugu Sharpe walikuwa Wakanada, na Rikidozan alizaliwa Korea, jambo ambalo umma wa Japani ulifichwa kwa miaka mingi. Taifa zima lilifarijiwa na Wakanada waliojifanya Wamarekani, wakipigwa na Mkorea aliyejifanya Mjapani. Kwa hiyo ndiyo, mchezo huu umekuwa ukiuza mataifa ya bandia tangu zamani, na wanunuzi tuko kila mahali.

Lakini hoja hiyo inaishia njiani. Mkusanya kodi akivua tai, katuni imekwisha. Msimu ujao anaweza kurudi kama mtu mwingine kabisa, na hakuna mkusanya kodi atakayechekwa kwenye daladala kwa ajili yake. Mjapani akivua kimono bado ni Mjapani. Kazi yake ulingoni ni asili yake, na asili hiyo imeandikwa na watu wasio wa kwao. Hata ndugu Sharpe waliposhuka ulingoni walirudi kuwa wazungu wa kawaida katika dunia isiyowacheka wazungu.

Mchukue Yokozuna. Mtu wa kilo zaidi ya 220, bingwa wa sumo, mieleka ya jadi ya Kijapani, kutoka Japani, kimya, nyuma ya meneja wake Mr. Fuji mwenye ndoo ya chumvi. Nyuma ya pazia alikuwa Rodney Anoa'i, Msamoa mzaliwa wa San Francisco, ambaye Kiingereza ndiyo lugha aliyokulia. Fuji naye ni mzaliwa wa Hawaii, Harry Fujiwara. Basi Mmarekani anayejua Kiingereza ananyamazishwa, na Mmarekani mwingine anamsemea kwa Kiingereza cha kuvunjavunja, ili tuamini kwamba wote wawili wametoka mbali. Aprili 1993 huko Las Vegas, katika WrestleMania IX, onyesho kubwa la WWE la kila mwaka, Fuji alimrushia bingwa Bret Hart chumvi machoni na Yokozuna akatwaa mkanda. Hulk Hogan, nyota Mmarekani, akapanda ulingoni, Fuji akarusha chumvi tena, safari hii ikamwingia mtu wake mwenyewe, na mkanda ukaondoka na Hogan. Ubingwa ulidumu dakika chache. Aliurudisha Juni na akakaa nao miezi kadhaa, na ulingoni alikuwa mwepesi kwa namna isiyoaminika kwa mwili ule. Sauti yake tu ndiyo tuliyoisikia kwa nadra.

Sisi wa huku tuna sababu ya kulielewa hili haraka. Kwenye mabanda ya video tulimshangilia Kamala, lile jitu la Uganda, peku, rangi usoni na tumboni, mkuki na ngao mkononi. Alikuwa James Harris, mtu wa Mississippi. Hakusema neno, kwa sababu angefungua mdomo tu Uganda yote ingeporomoka. Tulicheka, na sikumbuki mtu yeyote bandani akiuliza Waganda wanaonaje.

Turudi kwa Jinder, maana kesi yake ni ngumu zaidi. Huyu alipewa maiki kila wiki. Mei 2017 alimnyang'anya Randy Orton mkanda, ilhali muda mfupi kabla ya hapo alikuwa wa kupigwa na kila mtu. Wengi waliona mkono wa biashara: WWE ilikuwa ikiitamani India. Lakini angalia alivyoandikiwa. Kila alipozungumza Kipunjabi, ilikuwa ishara ya kuwaambia watazamaji wa Marekani wazomee. Lugha ya mama ndiyo iliyogeuzwa kuwa mbinu chafu, sawa na chumvi ya Fuji. Hebu fikiria mtu asimame ulingoni Chicago, aseme "habari zenu", na ukumbi mzima umzomee kwa hilo tu. Halafu kampuni ishangae kwa nini Temeke haikununua tiketi. Jinder aliupoteza mkanda kwa AJ Styles Novemba ya mwaka ule, mwezi mmoja kabla ya ziara ya India, na alipofika New Delhi akabwagwa na Triple H, mmoja wa mabosi wa kampuni, mbele ya watu waliotakiwa kuwa wake.

Kuna wanaosema wenyewe walikubali, wakalipwa, wakapata majina. Ni kweli, na sitaki kumvua mtu mzima akili zake. Nakamura ndiye anayenifanya nisite. Januari 2018 yeye na Asuka, Mjapani mwenzake wa kike, walishinda usiku mmoja Royal Rumble, shindano linalompa mshindi nafasi ya kuwania ubingwa WrestleMania, na Aprili, WrestleMania 34, wote wawili wakashindwa. Nakamura akampiga Styles, aliyemshinda, sehemu za siri. Siku mbili baadaye mwandishi akamuuliza kwa nini, naye akajibu kwa uso mtulivu kwamba hajui Kiingereza. Anakijua. Alikuwa akiwacheka walioamini kwamba hakijui, na mimi nilicheka naye. Ila utani ule uliwezekana tu kwa kuwa Fuji na wenzake walishaiandaa njia kwa miaka.

Asuka amekwenda mbali zaidi bila kueleza lolote. Anapandwa na hasira, anamwaga Kijapani mfululizo bila mkalimani, na ukumbi unamwelewa kwa sauti na macho. Anazomewa akifanya uhuni na kushangiliwa akifanya mazuri, kama stelingi au adui mwingine yeyote. Lugha yake haizomewi. Kwangu mimi hiyo ina uzito kuliko mikanda yote ya Jinder.

Iyo Sky, Mjapani mwingine wa kike, yuko mahali fulani katikati. Machi 2025 alimpokonya Rhea Ripley ubingwa wa dunia wa wanawake, kisha akapangiwa kuutetea WrestleMania dhidi ya Ripley na Bianca Belair pamoja. Wiki za kuelekea pambano, waliozungumza zaidi walikuwa wale wawili, bingwa akionekana kama mgeni kwenye harusi yake mwenyewe. Usiku wenyewe ulikuwa Las Vegas, mji ule ule wa Yokozuna. Iyo alipanda kwenye kamba, akajirusha kinyumenyume juu ya Belair, mwamuzi akahesabu tatu. Akaondoka na mkanda wake, na safari hii hakuna Hogan aliyepanda ulingoni.