Msiwaonee konokono wa bustanini
Makala tuliyosoma inazungumzia konokono wa ziwani wanaoeneza kichocho, lakini kwenye maoni ya hapo juu watu wanamwagia chumvi konokono wa kwenye mchicha! Huyo haenezi kichocho. Mwenyewe wa ziwani ni yule mdogo, bapa kama kifungo cha shati, anayeganda kwenye majani ya ufukweni. Vijidudu vya kichocho humtoka zaidi jua likiwa kali, saa zilezile watoto wa Igombe, huku Mwanza kando ya Ziwa Victoria, wanapoogelea, na vinapenya ngozi hata kama haina mchubuko. Wa nchi kavu ana mnyoo wake, wa mapafu ya panya, unaojulikana zaidi Asia na Hawaii. Ukimla konokono huyo kwenye mboga mbichi, mnyoo huo unaweza kwenda hadi kwenye ubongo. Kwa hiyo kabichi ya kachumbari ioshwe vizuri, basi. Kinachonikera ni dawa za kichocho za shuleni: wanafunzi wanamezeshwa, sawa, na wavuvi je?