Mrija tumboni mwa mtoto: kuuweka sasa au kuusubiri ulio bora

Mtoto mchanga ambaye figo zake zimegoma ghafla mara nyingi mishipa yake ni myembamba mno kwa mashine ya kusafisha damu. Inabaki njia ya tumbo: maji maalumu huingizwa kwa mrija, hukaa kwa muda, kisha hutolewa yakiwa yamebeba taka. Njia hii imeokoa watoto katika hospitali ya KCMC, Moshi, na kwingineko barani Afrika.

Mrija unaofaa zaidi ni ule wa Tenckhoff, wa silikoni laini, unaojulikana tangu mwaka 1968. Vikuku vyake vya kitambaa hushikana na nyama, vikazuia uvujaji na vijidudu. Usipopatikana, miongozo ya kimataifa inaruhusu mrija mbadala, hata mpira wa kulishia kupitia puani. Wanaopinga wana hoja nzito, kwa kuwa mpira usio na vikuku huvuja na kuhama kwa urahisi, na maji hayo yenye sukari yakilowesha kidonda huwapa vijidudu njia. Hata mrija bora una matatizo yake: kwa watoto, utando wa mafuta unaoning'inia tumboni huuzunguka na kuuziba, ndiyo maana baadhi ya wapasuaji huukata utando huo mapema, ingawa kwa mtoto anayehitaji siku chache tu sioni sababu ya kumwongezea kisu.

Lakini potasiamu, chumvi ya damu inayoweza kusimamisha moyo ikizidi, ikishapanda haimsubiri mpasuaji. Ni kweli kwamba mrija ukipumzishwa wiki mbili kabla ya kutumiwa huvuja kidogo. Kwa mtoto mahututi muda huo haupo, na kinachowezekana ni kumlaza chali na kuanza na maji machache, kama mililita 10 kwa kila kilo ya uzito wake.

Hofu kubwa kuliko zote ni maambukizi ya tumbo. Muuguzi huweka mfuko wa maji yaliyotoka juu ya gazeti. Herufi zisiposomeka kupitia mfuko, sampuli ikimbizwe maabara, na chembe nyeupe zikizidi 100 kwa milimita moja ya ujazo, zaidi ya nusu yake zikiwa nyutrofili (aina ya chembe nyeupe zinazopambana na bakteria), dawa ianze bila kungoja majibu ya kuotesha vijidudu.

Kwa hiyo naunga mkono mrija mbadala, kwa sharti moja: mtoto akishatulia na bado anahitaji kusafishwa, ubadilishwe kwa ule wa Tenckhoff, usiachwe tumboni eti kwa sababu bado unapitisha maji.