Bustani Huanzia Stejini

Jumapili iliyopita nilimpeleka mama yangu na watoto wawili wa dada yangu kwenye bustani moja ya umma hapa Nairobi. Tulitoka Kayole asubuhi, tukabadilisha matatu mjini, tukashushwa kando ya barabara kuu. Kutoka pale hadi langoni ni nusu saa kwa mwendo wa mama, na goti lake ndilo lililoamua mwendo wetu sote. Njia ya waenda kwa miguu hakuna. Kuna lami, kuna mtaro, na kati yake kijia cha udongo cha upana wa nyayo mbili, ambacho bodaboda nazo zinakigombania. Mdogo nilimbeba mgongoni. Mkubwa alishika leso ya nyanya yake, na kila lori lilipopita tulisimama tukaupa vumbi mgongo.

Tulipofika, lango la magari lilikuwa pana, limewekwa lami hadi ndani. Sisi tulipita kwenye upenyo wa pembeni. Mama akafungua fundo la leso, akatoa noti ya mia mbili aliyoikunja mara nne, maana alikuwa amesema tangu Ijumaa kwamba wajukuu atawalipia yeye. Askari akamwambia, tena kwa heshima, "Mama, pesa mkononi hatupokei. Ni simu tu." Nikalipa mimi. Mama akairudisha noti kwenye fundo, polepole, na hakusema neno mpaka tulipoketi chini ya mti.

Askari yule simlaumu, hakutunga yeye sheria hiyo. Hasira yangu iko kwa wanaopanga mahali hapa wakiamini kwamba bustani huanzia langoni. Bustani huanzia stejini. Huanzia pale makanga anapogonga bati la matatu na mama mwenye goti bovu anaposhuka. Kama kutoka pale hakuna njia, basi vile vijia vizuri vya ndani, vibao, viti na miti iliyotunzwa ni mali ya mwenye gari, hata kama hati inasema ni mali ya umma.

Na si kwamba jambo hili halijawahi kufikiriwa. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilizindua sera ya usafiri usiotumia injini, ikaahidi kwamba asilimia 20 ya bajeti ya barabara itaenda kwa watembeao na waendesha baiskeli. Asilimia 20! Jiji ambalo karibu nusu ya safari zake ni za miguu. Fikiria fedha hizo zingefanya nini hata kama zingeanza na barabara zinazoelekea bustanini peke yake: mita mbili za njia iliyoinuliwa juu ya lami, taa, kivuko chenye matuta, kiti kimoja katikati ya mwendo kwa ajili ya wazee. Haya ni mambo ya mchanga na saruji, fundi wa mtaani anayaweza. Lakini bajeti ya bustani huandikwa na watu wa bustani, ya barabara na watu wa barabara, na ule mwendo wa nusu saa kati yao hauna mwenyewe.

Nitakubali, kwa shingo upande, kwamba kiingilio kina kazi yake. Karura ilikuwa msitu wa kuogopwa, watu walisimuliana habari za maiti na majambazi. Leo ina uzio wa umeme, walinzi, na zaidi ya kilomita 50 za vijia ambako wanawake hukimbia peke yao asubuhi, na viingilio vya wageni vimechangia hayo. Vizuri. Basi angalau pawepo mahali pa kupokea noti ya mama.

Lakini kumbukeni bustani ya Jeevanjee. Mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliwapa watu wa Nairobi bustani ile mwaka 1906, ekari tano hivi katikati ya mji, na mpaka leo unaingia kutoka Moi Avenue bila kumwuliza mtu. Mchana utamkuta karani na mkate wake, mhubiri na sauti yake, kijana aliyelala akisubiri kuitwa kazini. Palipotakiwa kujengwa majengo ndani yake mwaka 1991, mjukuu wa Jeevanjee, Zarina Patel, alisimama mbele kuitetea. Mtetezi wa mazingira Wangari Maathai alikwisha kulipinga jengo la ghorofa 60 pale Uhuru Park mwaka 1989 hadi likaachwa, na Januari 1999 akapigwa hadi kutoka damu nje ya Karura akiutetea msitu ule. Hakuvuja damu ile ili mama yangu atiwe aibu langoni. Inaniuma kuandika hivyo, lakini ndivyo ninavyoamini.

Chini ya ule mti, mama aliwatazama watoto wakikimbizana, akaniuliza, "Hapa ni pa serikali au pa mtu?" Nikamjibu ni petu. Akatikisa kichwa kama anayesikiliza habari za mbali.

Kaunti ikiita wananchi kutoa maoni ya bajeti, nitaenda, na mama nitamchukua. Swali lake ni lile lile. Langu ni moja: ile asilimia 20 ilitumika wapi, barabara kwa barabara?